Hewa ya Ukaa na Uzuri wa Mkakasi

Wapo wanaodai kwamba kuongezeka kwa hewa ya ukaa ni neema kwa mkulima, maadamu ndiyo chakula cha mimea. Dai hili ni nusu ya ukweli. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa hiyo ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za angahewa. Leo imepita 420. Naam, ngano na maharagwe hunawiri zaidi, ingawa mahindi, tegemeo letu, hufaidika hasa wakati wa ukame. Hata hivyo, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 ulidhihirisha kuwa ngano na mpunga uliokuzwa katika hewa hiyo nyingi hupungukiwa na madini ya chuma na zinki. Nayo soya, katika majaribio ya Illinois, Marekani, ilidhoofika katika ishara za homoni ziamshazo kinga yake, wadudu wakaishambulia zaidi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tusiiache nusu hii ya pili katika majarida ya Kiingereza. Mkulima apimaye mavuno kwa magunia anastahili kuelezwa, kwa lugha aielewayo, kwamba gunia laweza kufurika ilhali lishe imepungua.