Deni Tunadaiwa, Woga Hatudaiwi



Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Sina ugomvi nao. Aliyekopa alipe. Ugomvi wangu ni na wakusanya madeni wanaotupigia simu kazini na usiku wa manane, na pia na sisi wenyewe tunaowapa nguvu wasizokuwa nazo.

Sisi wa Jumeirah Village Circle, katika vyumba vyetu vinavyolipiwa kodi kwa cheki za tarehe za mbele, tunajua mambo yanavyoanza. Mshahara ukishapitia benki, mkopo na kadi vinakufuata kabla hujaomba. Mwaka 2011 Benki Kuu ya Imarati iliweka mpaka: mkopo wa mtu binafsi usizidi mshahara wa miezi 20, ulipwe ndani ya miezi 48, na makato yasipite nusu ya mapato. Lakini nusu ya mshahara ni nyingi kwa mwenye wazazi Tanga na wadogo zake wanaosoma Mombasa. Kazi ikikatika, hata malipo ya mwisho wa kazi benki huyazuia. Hapo simu zinaanza.

Sikilizeni wanachosema. "Polisi wako njiani." "Uwanja wa ndege hupiti." "Tutamwambia bosi wako." Maneno haya yalikuwa na meno zamani, maana cheki isiyo na fedha ilikuwa jinai na watu walifungwa. Sheria ikabadilishwa. Tangu tarehe 2 Januari 2022, cheki iliyorudi kwa sababu tu akaunti imepungukiwa, bila ya udanganyifu, ni shauri la mahakama ya utekelezaji, si la selo. Tusidanganyane: mahakama hiyo inaweza kukamata mali yako na kukuzuia kusafiri. Lakini anayeamua ni hakimu. Mtu wa kwenye simu hana mamlaka hayo hata chembe. Ukitaka kujua kama una kesi ya jinai ya fedha, programu ya Polisi ya Dubai itakuonyesha kwa kitambulisho chako. Kesi ya madai iulizie mahakamani. Usimuulize anayekutisha.

Basi tufanyeje? Simu ipokee. Muulize jina lake, kampuni yake na benki iliyomtuma, kisha umtake alete hesabu ya deni kwa maandishi. Usiahidi kiasi chochote kwa mdomo. Ukiahidi dirhamu elfu mbili nawe una mia tano, umejitia kitanzi kipya. Nenda benki mwenyewe, ueleze hali yako, utaje kiasi unachokiweza kila mwezi. Usiandike cheki mpya kwa hofu. Usitume fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kuwa deni limekwisha. Wakikutukana, ilalamikie benki kwa maandishi. Usiporidhika, nenda Sanadak, ofisi inayosikiliza malalamiko ya wateja wa benki na bima.

Wapo watakaosema: panda ndege, urudi nyumbani, yaishe. Hayaishi. Deni linabaki, riba inapanda, na siku ukitaka kurudi Ghuba linakungoja. Na huko nyumbani nako si kwema. Tanzania kuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya, kanuni za 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa kwenye simu kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumfedhehesha. Serikali zimeshatambua tusichotaka kukikiri: silaha ya watu hawa ni aibu.

Na aibu hiyo inatoka kwetu. Mwenzetu akidaiwa tunamteta arusini, tunamkwepa asije akatukopa. Mkusanya madeni anaijua tabia yetu, ndiyo maana anatishia kuwaambia jamaa. Tungekuwa hatuna la kusema, naye angekuwa hana la kutishia. Jumuiya zetu huchanga haraka maiti ikihitaji kusafirishwa. Mbona aliye hai hatumsindikizi hata benki? Anayejua kuandika barua ya Kiarabu au Kiingereza amwandikie mwenzake. Anayejua sheria amfafanulie.

Deni tunadaiwa, na tutalipa. Woga hatudaiwi na mtu.

Wasalaam.