Timu bila kwao haipati mashabiki

Wasee, niseme tu ukweli. Hizi ligi ndogo za futboli ya Kimarekani, zile huchezwa majira ya machipuko NFL ikiwa likizo, hazikosi mashabiki eti kwa sababu wachezaji ni wabovu. Shida ni kuwa timu hazina kwao.

Angalia USFL ya 2022. Kulikuwa na timu za Michigan, New Orleans, Philadelphia, lakini mechi zote za msimu wa kawaida zilipigwa mji mmoja: Birmingham, Alabama. Sasa mtu wa Michigan angeshangilia timu yake akiwa wapi? Timu nyingi zilichezea viti vitupu.

Halafu cheki St. Louis. Timu yao ya NFL, Rams, ilihamishwa Los Angeles 2016. Machi 2023, Battlehawks wa XFL walipocheza nyumbani mara ya kwanza msimu huo, watu zaidi ya 38,000 walijitokeza. Ligi ilikuwa ndogo, lakini timu ilikuwa yao.

Shabiki wa Gor Mahia anaelewa hii bila kuelezewa. Wengi walipelekwa uwanjani mara ya kwanza na mzazi. Hiyo inachukua miaka, na AAF ya 2019 haikumaliza hata msimu mmoja. Kaeni mahali pamoja kwanza, mashabiki watakuja.