Subaru la Toleo Maalumu Umeshalinunua, Basi Usiliite Akiba



Swali la wiki hii limetoka kwa kijana mwenzetu wa hapa Uingereza, kazi yake kufunga majukwaa ya ujenzi. Amenunua Subaru Impreza RB5 ya mwaka 1999, mkono wa pili. Hakuuliza anunue au asinunue. Ameshanunua, pesa imeshatoka, na sehemu ya hiyo pesa ilikuwa ya mabati ya nyumba ya mama yake. Anachouliza ni hiki: "Kaka, si ni sawa tu na kuweka akiba? Zilitengenezwa 444 peke yake."

Najua wengi mtamcheka. Mimi simcheki, maana hiyo homa naijua ilikotoka. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, Subaru halikuwa gari la kuonea kwenye sinema. Tulimsikia Patrick Njiru redioni, tukasimama kando ya barabara tukameza vumbi la Safari na kurudi nyumbani wekundu kama matofali. Richard Burns, ambaye jina lake ndilo hizo herufi R na B, alishinda Safari Rally mwaka 2000 akiendesha Impreza, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Hiyo 5 ilikuwa namba ya gari lake. Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka sita akibeba vyuma kwenye baridi, siku akiliona gari lile linauzwa na pesa anayo, anapata shida kupita. Binadamu ni binadamu.

Lakini jibu langu ni hapana. Si akiba, na ukiendelea kuliita akiba litakula na ile akiba ya kweli.

Akiba ni pesa ambayo ukiihitaji Jumatatu, Ijumaa iko mkononi. Wengi wetu hapa tuko kwa viza ya mwajiri. Akiacha kukudhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwingine au ufunge mizigo. Sasa jaribu kuuza gari adimu ndani ya siku 60, mwezi wa Novemba, mvua inanyesha, mnunuzi anakusoma usoni kwamba una haraka. Ninyi mlio Muscat, Doha na Dubai mnalijua hili kuliko mimi: viza ikifutwa, gari linauzwa kwa bei ya yule anayekusindikiza uwanja wa ndege.

Halafu hizo bei alizonitumia za mtandaoni ni bei za wanaoomba, si za waliolipwa. Anayelipa vizuri analipia gari ambalo halijachezewa, lenye faili la risiti tangu siku ya kwanza. Kutunza gari kufikia hapo kunataka pesa kila mwezi. Hapo ndipo mabati ya mama yanapopotelea, tena kidogo kidogo, hata hutaona.

Basi kwa kuwa umeshanunua, mdogo wangu, tufanye kazi.

Kwanza hakikisha ni lenyewe. RB5 ilitokana na Impreza Turbo ya kawaida ya milango minne. Rangi inapakwa, spoila inafungwa, beji zinanunuliwa. Chukua namba ya chasisi uwaulize watu wa klabu za Impreza wanaofuatilia magari hayo. Kisha ingia kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, andika namba ya gari. Ni bure, na itakuonyesha maili zilizosomwa kila ukaguzi na kasoro zote zilizoandikwa. Maili zikirudi nyuma mwaka mmoja, umeuziwa hadithi. Kutu ikitajwa mwaka baada ya mwaka, lala chini na tochi uangalie mwenyewe, hasa juu ya matairi ya nyuma na chini ya milango. Na kile kitabu cha gari, V5C, kinaonyesha aliyesajiliwa kulitunza tu. Si ushahidi kwamba gari ni mali yake. Lipia ule ukaguzi mdogo wa deni. Kama mtu wa nyuma alilichukua kwa mkopo na hajamaliza, wenye mkopo wanaweza kuja kuligombania, na hata sheria ikiwa upande wako utasumbuka. Haya yote yalitakiwa kabla ya kulipa. Yafanye hata sasa, ujue una nini mkononi.

Sasa mkanda wa taiming, na hapa nitaongea kwa sauti.

Mimi niliwahi kuwa na Impreza, tena ya kawaida kabisa, si toleo maalumu la mtu yeyote. Aliyeniuzia alisema mkanda umebadilishwa. Risiti? Akasema itakuwa mahali fulani ndani ya nyumba. Nilimwamini kwa sababu alinikaribisha chai. Ulikatika nikiwa M4 narudi kazini, vali zikapigana na pistoni, na injini ikaishia pale pale. Mwezi ule sikutuma kitu nyumbani. Mwezi uliofuata nilituma nusu. Mdogo wangu alikaa nyumbani wiki tatu kwa ajili ya ada, na mama aliponipigia alisema tu "Mungu atafungua njia", hakutaka kunitia aibu. Mpaka leo nikisikia neno mkanda tumbo linanicheza.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama hakuna risiti yenye tarehe na maili, mkanda haujabadilishwa. Usiendeshe kwanza "kulionja". Gari liende kwa fundi anayezijua injini za Subaru, abadilishe mkanda pamoja na kapi zake na pampu ya maji, maana ameshafungua huko mbele na kazi ni ile ile. Bei yake uiulize kwa mafundi watatu.

Oili ipime kila wiki injini ikiwa baridi, usingoje taa. Injini hizi zikikosa oili zinaua beringi za chini, na ukishasikia kugonga umechelewa. Turbo usilikanyage kabla injini haijapata joto. Na matairi: gari hili linavuta kwa miguu yote minne, kwa hiyo usibadilishe moja ukaacha matatu yamekwisha. Tofauti ya mzunguko inaenda kuumiza difu ya katikati. Pancha moja inaweza kukugharimu matairi manne. Hilo nalo muuzaji hakukuambia.

Bima ndiyo inayowaumiza wengi wetu kwa kutojua. Ukisema gari ni la kwenda kazini, bima ya kawaida inamaanisha mahali pamoja pa kazi pa kudumu. Wewe wiki hii uko Slough, wiki ijayo Croydon. Hiyo kwa bima ni matumizi ya biashara, lazima useme. Dada zetu wanaozunguka nyumba hadi nyumba kuhudumia wazee, ninyi vile vile. Taja pia kila kitu kilichobadilishwa: ekzosi, rimu, kompyuta ya injini, hata kama alibadilisha mtu wa mwaka 2004. Usiposema, siku ya ajali utaambiwa maneno matamu na hutaona pesa. Halafu omba bima ya thamani mliyokubaliana, siyo ya bei ya soko. Bila hiyo likiibwa utalipwa kama Impreza yoyote ya zamani, na zile 444 hazitahesabiwa.

Leseni ya nyumbani, ya Kenya au Tanzania, inakupa miezi 12 tangu uanze kuishi hapa. Baada ya hapo unatakiwa ufanye mtihani wao. Namfahamu mtu aliyehesabu vibaya.

Kama unaingia London, jua kwamba tangu Agosti 2023 ULEZ imefika mitaa yote ya jiji. Gari la petroli la mwaka 1999 kwa kawaida halifikii kiwango, na malipo ni pauni 12.50 kwa kila siku unayoendesha ndani. Siku tano za kazi ni pauni 62.50. Piga mara wiki nne uone ni mifuko mingapi ya saruji huko kwenu. Kodi ya barabara nayo, kwa kuwa gari limesajiliwa kabla ya Machi 2001, inaangalia ukubwa wa injini, na yako ya lita 2 iko kwenye daraja la juu: zaidi ya pauni 300 kwa mwaka.

Ndiyo maana nasema gari hili lisiende saiti. Tafuta usafiri mwingine wa kazi.

Halafu kuna ile ndoto ya kulipakia kwenye kontena ulipeleke nyumbani, watu wa mtaani watoke nje. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo kwa upande huo funga ukurasa. Tanzania litaingia, lakini kuna ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote, na hapo fundi wa turbo hujampata bado. Ninyi wa Ghuba mnaokodolea macho magari ya usukani wa kushoto, Kenya haiyasajili isipokuwa ya kazi maalumu. Msije mkasema hamkuambiwa.

Mpango niliompa kijana ni huu. Pesa ya nyumbani itoke siku ile ile mshahara unapoingia, kiasi kile kile cha kabla ya gari, kwa agizo la benki ili isipitie mikononi mwake. Kisha kiasi fulani cha kurudisha mabati, kila mwezi mpaka yaishe. Baada ya hapo ndipo mfuko wa gari, akaunti yake peke yake. Mfuko ukiwa mtupu, gari halitembei. Unalitangaza serikalini kuwa haliko barabarani, yaani SORN, na kodi inasimama. Lakini SORN inataka gari lisikae kwenye barabara ya umma. Kama unaishi chumba cha kupanga na unaegesha mtaani, haikusaidii, tafuta gereji ya kukodi au uwanja wa mtu. Ikifika MOT ya mwakani na mfuko umekuwa mtupu zaidi ya mara mbili, uza. Uza likiwa zima na faili lake limejaa, taratibu, wakati wa kiangazi, wala siyo baada ya kuanza kugonga.

Na mama aambiwe. Hili alilipinga sana. Alitaka kusema mabati "yamepanda bei". Nilimwambia uongo wa pesa unaotumwa nyumbani unataka uongo mwingine kila mwezi, na hiyo nayo ni gharama ya gari ambayo haipo kwenye risiti yoyote.

Amenijibu Jumapili. Namba ya chasisi imethibitika, ni RB5 kweli. Risiti ya mkanda haipo kwenye faili. Gari liko uani kwa rafiki yake mpaka ailipie kazi hiyo, naye asubuhi anapanda basi na buti zake begani. Mama ameshaambiwa. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama hilo gari linaweza kubeba mabati.