Je, Zamani Vitu Vilikuwa Rahisi?

Hakuna mzee hapa Mbale asiyeujua wimbo huu: zamani vitu vilikuwa rahisi. Sukari ilikuwa ya senti, shati la shilingi chache, na kijana mwenye kazi Jinja aliweza kupanda baisikeli yake mwenyewe. Nimeusikia wimbo huo tangu utotoni, na likizo iliyopita niliamua kuukata. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoukata, na kwa nini sasa naona haya kidogo.

Babu yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja ya Jinja tangu mwaka 1960. Alikaa Walukuba, katika zile nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, maana jirani mmoja alikuwa Mjaluo, wa pili Msamia, wa tatu Mteso, na hakuna aliyekuwa tayari kujifunza Kigisu kwa ajili yake. Kila asubuhi alikwenda posta kufungua sanduku la ofisi. Humo, pamoja na barua, zilikuja katalogi, yaani vile vitabu vinene vya maduka ya Uingereza vyenye picha za bidhaa na bei zake. Mtu alichagua kitu, akatuma fedha kwa hawala ya posta, naye akaletewa kifurushi. Bwana mkubwa akipata kitabu kipya, kile cha mwaka uliopita alimpa Babu. Kimoja anacho hata leo katika sanduku la bati chini ya kitanda. Hakina jalada, na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa.

Kitabu hicho hutolewa kila tunaporudi nyumbani na orodha ya mahitaji ya shule. Babu huisoma orodha yetu polepole, huvua miwani, hufungua kitabu chake na kusema, "Tazama, mjukuu wangu. Viatu vya ngozi, shilingi ishirini na nane na nusu."

Siku hiyo nilichukua kalamu. Nikamwuliza, "Babu, mwaka 1962 ulikuwa unapata mshahara gani?" Akasema shilingi 90 kwa mwezi. Nikagawa kwa siku 26 za kazi, nikapata karibu shilingi tatu na nusu kwa siku. Basi viatu vile vilikuwa jasho la siku nane. Mjomba wangu hubeba matofali hapa mjini kwa shilingi 10,000 kwa siku, na viatu vyangu vya shule nilivinunua kwa 55,000, yaani siku tano na nusu. Baisikeli ya kitabuni, shilingi 295, ingemla Babu mshahara wa miezi mitatu na zaidi, bila kula na bila kulipa kodi ya chumba. Niliisoma hesabu hiyo kwa sauti mbele ya binamu zangu, nao wakacheka sana. Babu akafunga kitabu, akaingia ndani.

Hesabu ile ni sahihi na sitaifuta. Bei bila mshahara haisemi kitu, na wazee wengi hukumbuka bei tu. Lakini jioni Babu alitoka tena na karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyokuwa imekaa ndani ya kitabu miaka yote. Juu yake ulichorwa wayo wa mtu kwa kalamu ya risasi.

Ulikuwa wayo wa mama yake. Wakati ule aliyetaka viatu kwa posta alikanyaga karatasi, mwenzake akauzungushia mguu kalamu, na karatasi ikaenda pamoja na fedha. Babu alichora mbili, moja ya kutuma na moja ya kuweka. Mama yake alikuwa hajavaa viatu maishani mwake, akaishi akipanda na kushuka mlima Wanale kwa nyayo zake. Babu alitaka avivae siku ya Uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, kwa hiyo alituma fedha mwezi wa Julai. Viatu vilipita baharini mpaka Mombasa, vikapanda gari moshi, vikafika mwishoni mwa Novemba. Uhuru ulikuwa umekwisha kushangiliwa kwa miguu mitupu.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na barua. Duka lilisema kwamba kitabu alichotumia kilikuwa cha mwaka uliopita, na bei ya viatu imekwisha kupanda. Lakini kwa kuwa aliagiza kwa bei waliyoiandika wao wenyewe, wataishika bei hiyo. Basi tarishi wa Walukuba, wasiyemjua sura, alilipa 28/50 na si senti moja zaidi. Babu aliniambia, "Wewe umehesabu siku. Mimi sikusema zilikuwa siku chache."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimemjibu swali ambalo hakuuliza. Anacholilia si urahisi. Analilia bei iliyoandikwa, iliyokuwa ile ile kwa bwana mkubwa na kwa tarishi wake.

Jambo hili si la Babu peke yake. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago alianza kuuza kwa posta kwa karatasi moja tu yenye vitu 163, na baadaye kampuni ya Sears ikafuata kwa vitabu vikubwa kupita Biblia. Kusini mwa Marekani wakulima weusi, ambao dukani walisimama wakingoja mpaka wazungu wote wahudumiwe, waliipenda katalogi kwa sababu karatasi haikuona rangi ya mtu. Bei ilikuwa moja kwa wote.

Na kwetu shilingi yenyewe ilisaidia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na ya Uingereza, ishirini kwa pauni moja. Wao waliigawa kwa peni 12, sisi kwa senti 100. Babu aliposoma kitabu cha Kiingereza alisoma fedha iliyokuwa mfukoni mwake. Benki ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1966, tukapata shilingi yetu. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, maduka yakapewa wale walioitwa mafuta mingi, na magendo yakaanza. Wazee husema kwamba katika miaka ile bei haikuandikwa popote, ilinong'onwa tu. Mwezi wa Mei 1987 kila shilingi 100 za zamani ziligeuzwa kuwa shilingi moja mpya, na juu yake serikali ikakata asilimia 30. Kwa hesabu hiyo baisikeli ya Babu sasa ni chini ya shilingi tatu. Sarafu ndogo ninayorudishiwa sokoni ni ya shilingi 100.

Sasa nirudi kwenye viatu vyangu. Ile 55,000 niliyoiandika kwa majivuno katika hesabu yangu niliipataje? Muuzaji aliiona sare ya shule akataja 80,000. Nilipogeuka kuondoka ikawa 65,000, na baada ya robo saa ya maneno ikawa 55,000. Wiki ya kwanza ya muhula mwenzangu wa bweni alivua viatu kama vile vile, vya duka lile lile, akaniambia alilipa 40,000, kwa kuwa alikwenda na shangazi yake anayemjua muuzaji. Kwa hiyo ile haikuwa bei ya viatu. Ilikuwa bei yangu mimi. Na hesabu niliyomchekea nayo mzee ilisimama juu ya tarakimu ambayo isingekuwa hiyo kama ningevaa nguo nyingine siku ile.

Wengine watasema kupatana bei ni desturi yetu, ni mazungumzo, tena bila hayo soko halina utamu. Kwa ndizi na nyanya nakubali. Mama yangu hupatana kwa saa nzima naye hufurahi. Lakini anayeshinda katika mapatano ni mwenye nafasi, mwenye maneno na mwenye kujulikana. Mtoto aliyetumwa na fedha kamili, au mzee aliyeshuka mlimani mara moja kwa mwezi, hushindwa kila siku.

Sisemi kwamba katalogi zirudi. Zilikuwa na ubaya wake, na Babu mwenyewe aliukiri nilipomwuliza. Pamba ya Busoga na Bukedi ilikwenda ng'ambo kwa meli, na sisi tukaagiza mashati kutoka ng'ambo, huku bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 likitoa umeme palepale Jinja, na kiwanda cha Nytil kikifuma nguo mwendo mfupi tu kutoka sanduku lile la posta. Babu alivaa kaki ya Nytil kazini kila siku, lakini siku za sikukuu alitaka cha kitabuni. Hilo nalo tulikumbuke tunapowasikiliza wazee.

Ninachotaka ni kidogo. Ninyi mliotutangulia shuleni hapa, ambao wengi sasa mna maduka Mbale na Jinja, andikeni bei kwenye karatasi na kuibandika juu ya kitu, kisha mwiheshimu mpaka mwandike nyingine. Hamtapoteza wateja. Mimi ningetembea kutoka Mbale mpaka Nabumali kwa ajili ya duka kama hilo.

Ili nisionekane nawasema wa mbali tu, mwezi uliopita nilikwenda na wenzangu wawili kwenye kantini yetu, tukaomba bei za vitu vyote ziandikwe ubaoni. Mwenye kantini alitusikiliza vizuri, akatuma mtoto kuleta chaki. Mpaka ninapoandika haya ameandika bei ya maandazi.