Alama ya Kutoa Nje ya Mabano
Kujumlisha polinomia hakusumbui: x kwa x, x² kwa x², namba tupu kwa namba tupu, basi. Wanafunzi wetu huumia kwenye kutoa. Chukua (5x² + 3x − 4) − (2x² − 7x + 1). Wengi hubadili alama ya 2x² peke yake, wakaandika 3x² − 4x − 3. Kumbe ile alama ya nje inagusa kila kilichomo mabanoni: −7x inakuwa +7x, +1 inakuwa −1, na jibu ni 3x² + 10x − 5. Walimu wenzangu, kalamu nyekundu haitoshi. Mfundisheni mtoto aweke 1 mahali pa x: swali linatoa 8, jibu sahihi linatoa 8, lile la kwanza −4. Kosa ataliona mwenyewe, bila kungoja daftari lisahihishwe.