Mtumishi Naye Apate Kivuli

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hata hivyo, wako watumishi wa umma, Unguja na Pemba, wasiokiona kivuli hicho: saa za kazi zikiisha, simu ya mkubwa huwafuata hadi majumbani.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na mashaka ya kazini yaliyodumu bila ya kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi na kupungua ufanisi. Mwananchi anayejibiwa kwa ukali dirishani ndiye anayelipa gharama yake.

Hatutetei uvivu. Zamu za usiku hospitalini na bandarini hazina budi kuwepo. Lakini linaloweza kungoja asubuhi, lingoje. Ufaransa imeitambua haki hiyo kisheria tangu mwaka 2017.

Tunawaomba wakuu wa idara wasitoe amri usiku pasipo dharura, na wahimize likizo zichukuliwe. Watumishi nao, wakipata wasaa wa sala au chakula, waziweke simu kando na kuzituliza nafsi zao. Kazi ya kesho inamhitaji mtu mzima wa mwili na akili.