Tusiiondoe Kapasita Katika Hesabu

Katika vyombo vingi vya elektroniki, ishara iendayo mbio hupitishwa kwenye kapasita kabla ya kumfikia mpokeaji. Kapasita huuzuia umeme usiobadilika na kuyaruhusu mabadiliko, ili mtumaji na mpokeaji, ambao kila mmoja ana volti yake ya kawaida, wasikilizane bila ya kudhuriana. Kulieleza jambo hilo ni rahisi. Kuliiga katika kompyuta ndiko kwenye mashaka.

Natuchukue njia ya PCI Express ya kizazi cha pili, iliyotolewa mwaka 2007. Hupitisha biti bilioni 5 kwa sekunde, yaani kila biti hudumu pikosekunde 200. Tuseme kapasita ni ya nanofaradi 100, na upinzani wa pande zote mbili ni omu 100. Ukizidisha, kipimo cha muda wake wa kujaa ni mikrosekunde 10. Programu za kuiga saketi, za ukoo wa SPICE iliyotoka Berkeley, Marekani, mwaka 1973, kwa kawaida huanza hesabu mtumaji akiwa ametulia, tuseme penye sifuri. Ilhali ishara iendayo toka volti 0 hadi 1 ina wastani wa nusu volti. Kapasita sharti ijae nusu volti hiyo polepole. Hupita kama mikrosekunde 50, ndizo biti 250,000, kabla ya ishara kutulia. Kwa hatua za pikosekunde 2, hizo ni hatua milioni 25!

Basi wapo wakatao njia. Baadhi huweka nanofaradi 1 ili mambo yatulie upesi. Lakini biti tano zinazofanana mfululizo, ambazo ndizo nyingi kabisa ziruhusiwazo na msimbo wa njia hiyo, zitaishusha ishara kwa asilimia 1 badala ya 0.01, hitilafu ameizua mhesabuji mwenyewe. Wengine huiondoa kapasita kabisa, wasiuone hata mshuko wa kweli.

Kwa maoni yangu, kapasita ibaki na thamani yake, ipewe volti ya mwanzo iliyokokotolewa kwa kalamu. Hesabu yenyewe ni ile ya kujaza kapasita wanayoikuta wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Nawasihi walimu waitoe darasani kabla ya mtu yeyote kugusa kompyuta. Na wakishaipata nusu volti, waulizwe: endapo kila sifuri moja inafuatana na moja tatu, kapasita itatulia kwenye volti ngapi?